Kikombe cha Mkojo

Mimi ndiye niliyeunga mkono. Katika mkutano wa wazazi, mwalimu wa michezo wa shule ya mjukuu wangu alisema muguka, yale majani ya kutafuna yanayolevya, na vidonge vimeingia kwenye timu ya riadha. Wanariadha wangeitwa siku yoyote, bila kuambiwa mapema, wapimwe mkojo. Mama mmoja akauliza kama hiyo si aibu kwa wasichana. Nikasimama, mzee wa kanisa mzima, nikamjibu, "Mama, asiye na cha kuficha ataogopa kikombe cha nini?" Watu wakacheka. Nikaketi nimeridhika.

Mjukuu wangu alikuwa na cha kuficha, na nilikijua. Ana kifafa tangu utotoni. Vidonge vyake vilikuwa siri yetu wawili, kwa sababu huku Ndithini mtu akianguka akitoa povu hakuna anayemgusa. Lakini akilini mwangu kikombe kilikuwa cha watoto wa wengine.

Waliitwa asubuhi baada ya mazoezi. Mwalimu wa kike alisimama kwenye mlango wa choo, ukiwa wazi, akiwatazama. Kikombe cha mjukuu wangu kilionyesha dawa. Kufikia saa ya chai shule nzima ilikuwa ikimwita Mama Vidonge.

Niliitwa ofisini. Mwalimu mkuu alikuwepo, mwalimu wa michezo, na wasichana wawili wa timu waliokuwa wakingoja zamu yao ya kuhojiwa. Mjukuu wangu akaniinamia sikioni. "Babu, usiwaambie. Afadhali wanifukuze."

Ningeweza kuomba wale wasichana watoke. Sikuomba. Nilikuwa nikifikiria kanisani watasema nimelea mvuta bangi.

"Huyu hatumii chochote kibaya," nikasema kwa sauti. "Ana kifafa. Hiyo ni dawa ya hospitali."

Mwalimu mkuu aliniomba msamaha. Mwalimu wa michezo akakuna kichwa. "Pole, mzee. Lakini kukimbia sasa hapana. Akiniangukia uwanjani nitamjibu nani?"

Hapo mjukuu wangu akavua viatu vya mbio, akaviweka mezani, akatoka peku. Bwenini, msichana wa kitanda cha chini alihamisha godoro lake siku hiyo hiyo.

Amemaliza shule, tunaishi pamoja. Vidonge anavimezea nyuma ya jikoni, akinipa mgongo. Nikiuliza kama amemeza, ananijibu bila kugeuka, "Lete kikombe upime."