Chokaa ya Chumba cha Zena

Nikisikia harufu ya kuni mbichi za mkoko zikiungua, hadi leo damu hunichemka. Wenzangu hukumbuka utoto wakatabasamu. Mimi hukumbuka tanuu la baba la kuchomea chokaa nikasonya.

Tulikaa kisiwani Pate, si mbali na Mtangawanda, miaka ile ya sitini. Dada yangu Zena alikuwa ameposwa, na kwetu binti haolewi mpaka babake amtengenezee chumba. Kuta zilikwisha simama, chokaa hakuna. Baba akakata mikoko, akaipanga duara, juu yake akatandika mawe ya matumbawe yaliyochimbwa nyuma ya kijiji, mbali na maji, lakini yamejaa kombe za baharini. Mwalimu wetu, mtu wa bara, alitueleza kuwa zamani bahari ilifika pale, kabla hajazaliwa mtu wa kuwasha tanuu, kwa kuwa dunia hupata joto na baridi yenyewe, nayo bahari ikapanda na kushuka. Lo, baba alivyoyapenda maneno hayo! Kila mama alipolalamika kuwa anaimaliza mikoko, alijibu: "Bahari huya yenyewe, hwenda yenyewe. Mimi na tanuu langu tuna makosa gani?"

Mwaka ule mvua iligoma. Mtama ukakauka, mji ukaamua kuzungusha ng'ombe: hutembezwa mji mzima kwa dua, kisha huchinjwa. Na baba, jamani, akawasha tanuu asubuhi ile ile ya mzunguko, kisha huyoo, akaenda kushika kamba ya ng'ombe!

"Bwana," mama akamwuliza, "mwaomba mvua na moto mwawasha?"

"Mvua gani? Tazama uwingu ulivyo mweupe!"

Ng'ombe hajamaliza mzunguko, mvua ikashuka. Watu wakaruka kwa furaha. Sisi tukasimama kutazama moto wa Zena ukizimika. Mawe yakatoka nusu mabichi, hayafai kitu. Zena alilia mpaka sauti ikamkauka. Harusi ilikuwa karibu, baba hakuwa na wakati wa kwenda mbali, basi akafyeka mikoko ya mbele ya kijiji, yote, akachoma upya. Chumba kikawa cheupe hata macho yanauma. Nami nikapiga vigelegele, mtoto mjinga!

Leo najua mwalimu hakudanganya. Nti na bahari zilibadilika zenyewe, zama kwa zama. Ila sasa watu nao wametia mkono, huko duniani kwa moshi wao, na sisi hapa kwa mashoka yetu. Bahari yapanda, na mbele ya kijiji hakuna tena cha kuizuia. Bamvua iliyopita, bahari ilipojaa sana, nilimkuta Zena chumbani mwake, maji yamemfika vifundoni, godoro kichwani. Nikaanza kumlaumu marehemu baba, kwa hasira zangu zote. Akanikatiza, mkono mmoja ukipapasa ukuta.

"Mwache baba. Tazama chokaa yake, haijabanduka hata kidogo."