Mtu wa Mabuti na Mama Mkwe Mnyonya Damu

Siku niliyomshtaki mama mkwe wangu kwa chifu kwa kosa la kuninyonya damu, ushahidi niliubeba mwenyewe ndani ya kikopo.

Msicheke kwanza.

Masika yale nilikuwa nimeisha. Nikipiga jembe mara mbili kwenye shamba la viazi vikuu, pumzi hiyoo, imekata. Viganja vyeupe, macho meupe. Nikajiambia huyu ni mama mkwe wangu tu, Mama Fusheina. Tangu ahamie kwetu mimi nakauka, yeye ananenepa.

"Napari, kapime minyoo," mke wangu Sanatu akaniambia.

"Minyoo? Mimi? Mtu wa mabuti?"

Jamani, mimi na mabuti yangu ya mpira tulikuwa kitu kimoja. Shambani mabuti, sokoni mabuti. Wanaotembea peku niliwaita vifaranga.

Nikamwambia Sanatu achague: mama yake aondoke, au waondoke wote wawili. Akaanza kufunga mzigo wake.

Kesi ikaangukia siku ambayo Nesi Rukaya anapima minyoo, palepale uani kwa chifu. Vikopo vya choo alikuwa ameshagawa. Changu nilikijaza mpaka kifuniko kikagoma. Nilitaka kijiji kizima kione kwamba siumwi, nimerogwa.

"Anza na changu!"

Nesi akachota kidogo kwa kijiti, akachanganya na dawa yake, akadondoshea kwenye kipimo cha plastiki.

"Mstari mmoja uko salama. Miwili una safura, minyoo ya kunyonya damu."

Tukasubiri. Mama Fusheina alikuwa langoni na kandambili zake za kuunga kwa waya, maana mshtakiwa haingii mpaka aitwe.

Ikatoka miwili. Myekundu kabisa.

"Kipimo kibovu hicho!" nikafoka. "Safura inaingilia nyayoni. Mimi sikanyagi udongo bila mabuti, muulize yeyote!"

"Hata siku moja?" Nesi akauliza.

"Hata siku moja!"

Mzee mmoja akaangua kicheko. Nesi alikuwa anatazama chini, nami nikatazama.

Vidole vyangu vyote vilikuwa vimezama kwenye tope.

Kwa chifu wetu huingii na viatu. Na mimi, kwa tamaa ya kupewa cheo, nilikuwa naenda kumwamkia kila asubuhi. Nachuchumaa palepale yanapopita maji ya mvua yakitoka nyuma ya ukuta, ambako watoto wa pale kwa chifu wanajisaidia.

Chifu mwenyewe, taratibu, akapandisha miguu juu ya ngozi anayokalia.

Kikopo cha Mama Fusheina? Mstari mmoja.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nyumbani nikamkuta Sanatu amekalia mzigo wake, hanitazami. Mama yake ndiye aliyeniletea maji ya kumezea dawa.

"Meza, mkwe wangu. Damu ikirudi uniambie, nimeanza kusikia njaa."

Sanatu akajikaza, akajikaza, akashindwa. Alicheka mpaka machozi, ndipo akafungua mzigo.

Kwa hiyo ndugu zangu, kabla hujamtafuta mchawi, peleka kikopo. Na mama mkwe akikuletea maji, vua viatu, piga magoti, upokee kwa mikono miwili.

Ila tandika mkeka kwanza.