Tulivyokwenda Kumpokelea Zalifa Masomo

Mara ya kwanza kumwona Zalifa ni siku tuliyompeleka mdogo wangu Youssoufa nyumbani kwake, hapa Andoany, kisiwani Nosy Be, mwaka 1983. Kwetu bwana harusi ndiye anayehamia kwa mkewe. Zalifa alikuwa ameketi kitandani, uso umepakwa liwa, macho chini kama inavyotakiwa. Lakini chini ya mto kilichungulia kitabu cha fizikia. Jirani yetu Bacar akamwuliza Youssoufa kama amekuja kuoa au kuandikishwa shule. Tulicheka. Zalifa hakucheka. Alikisukuma kitabu ndani kwa kiwiko.

Mwaka uliofuata alifaulu mtihani wa bakalorea, wa kumaliza sekondari. Mwezi huohuo homa ikamchukua Youssoufa, kijana mzima, kabla hatujajua la kufanya. Zalifa akaingia eda. Chakula nilichompelekea nilikiacha mlangoni. Sauti yake sikuisikia.

Eda haijafika nusu, redio ikasoma majina ya waliopata ufadhili wa serikali kusomea udaktari wa meno Mahajanga, ng'ambo kwenye kisiwa kikubwa. Lake lilikuwamo. Mama yake, Bi Kouraichia, aliketi sakafuni. Waliochaguliwa walitakiwa wafike ofisini huko chuoni kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo nafasi wapewe wengine. Na mjane hatoki mpaka eda iishe.

Ami yake, Mzee Allaoui, ndiye aliyepata njia. Bibi harusi wetu hafiki mbele ya kadhi, alisema. Walii wake humsemea, mashahidi wawili wakasikia, na ndoa ikasimama. Ikiwa ndoa yasimama hivyo, masomo yatashindwaje? Sote tuliona ni sawa kabisa. Tukapanda meli ya mizigo, yeye walii, mimi na Bacar mashahidi, tumevaa kanzu na kofia safi.

Karani wa Mahajanga alitusikiliza mpaka mwisho. Mzee Allaoui alipotamka, "Nimempokelea," karani alitutazama mmoja mmoja, akauliza ni nani kati yetu atakayekaa darasani.

"Huyu," Bacar akaninyooshea kidole. "Ameishia la tano, ana nafasi ya kuendelea."

Karani hakucheka. Alisema Zalifa aje mwenyewe, siku zimebaki chache, akamwita anayefuata.

Tulirudi Nosy Be. Mzee Allaoui alisimama uani, akamweleza Zalifa yote huku mlango umefungwa: riziki zipo nyingine, mwanangu, kaa umalize eda. Kisha komeo likavutwa, mchana kweupe, Zalifa akatoka na nguo zake za eda, sanduku mkononi, Bi Kouraichia nyuma yake amebeba mkeka. Wanawake uani walijifunika nyuso. Mimi nilikuwa karibu na mlango.

Eda aliimalizia Mahajanga, mchana darasani, jua likizama chumbani na mama yake. Yuko huko hadi leo, anang'oa meno ya watu, na huku hakurudi tena. Lakini siku ile hayo sikuyajua. Niliona tu mke wa marehemu ndugu yangu amesimama mbele yangu, macho yake yamenikazia, ananisemesha mbele za watu:

"Funga mlango, shemeji. Ndani hamna mtu tena."