Mbuzi wa Akina Mama

Wivu ulinishika kwenye mgahawa hapa Kasulu, mbele ya televisheni. Mwanamke wa tenisi alikuwa ananyanyua kombe, na mtangazaji akaeleza kwamba zawadi yake ni sawa na ya bingwa wa kiume, maana wanawake wa mchezo ule waliipigania miaka mingi mpaka wakubwa wakakubali. Nikashindwa kumfurahia. Nilimwonea wivu mpaka chai ikapoa.

Mimi nacheza netiboli, na mume wangu ni golikipa. Mashindano ya kata huko Kitanga yalipotangazwa, mabingwa wa kiume waliahidiwa ng'ombe, sisi mbuzi. Nilimwuliza mwenyekiti wa mashindano sababu.

"Mama mwalimu," alisema, "kwani nyie mnakimbia uwanja mzima?"

Timu zote mbili, yao na yetu, zilishinda. Ng'ombe wao alivishwa majani ya mgomba shingoni, akapitishwa kijiji kizima kwa ngoma, mume wangu akiongoza na kamba mkononi. Mume wangu alipendeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mbuzi wetu tulikabidhiwa baadaye, ng'ombe akiwa ameshachinjwa na kuliwa, watu wakiwa wanatafuta pikipiki za kurudia nyumbani. Wahenga walisema wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Mimi nilinenepa.

Tena kwa mila za wazee wetu wa Buha, mwanamke hali mbuzi, ati ataota ndevu. Kwa hiyo kila mtu uwanjani alijua nani atakula zawadi yetu. Mume wangu alikuja na kisu, midomo bado inang'aa mafuta ya ng'ombe.

"Leteni tuwachinjie," akasema. "Nyie si hamli? Tutawanunulia soda."

"Reka, shemeji," nahodha wetu, mkunga wa zahanati, alimkataza kwa Kiha. "Acha kisu, nenda."

Alikiacha, akidhani ni utani. Tulichinja wenyewe, tukawasha moto palepale kando ya goli lake. Sikuwahi kuonja mbuzi maishani, na mama mkwe wangu alikuwa amesimama ng'ambo ya uwanja akinitazama. Nikakumbuka ile ngoma yao, nikachukua paja.

Mume wangu alichuchumaa karibu yangu, akanong'ona kama mtu anayeficha aibu ya nyumba. "Mke wangu, utaota ndevu."

Nilitafuna kwanza, nikameza.

"Zikiota," nikamwambia, "mwakani watanipa ng'ombe."