Pipa la Shaba Kutoka Sotik

Mume wangu alikuwa nyapara wa kutengeneza barabara, na nyumba yetu ya kwanza ilikuwa karavani ndogo ya mbao iliyovutwa na lori. Barabara ikisogea, nasi tunasogea. Tulipofika upande wa Kedowa, kwenye milima ya mashamba ya chai, mtoto wetu akiwa bado mchanga, baridi ilinishinda. Mimi nimezaliwa karibu na ziwa, kwenye joto.

"Baba, haya maji ya kuoga ya sufuria hayatoshi," nikamwambia mume wangu.

"Tutanunua mashine ya maji moto," akasema kwa furaha. Alipenda mashine kuliko chakula.

Tukapanda lori la chai hadi Sotik, kwenye duka la Mhindi mmoja. Mume wangu akaipenda papo hapo mashine nyeupe ya mafuta ya taa, ya kutundikwa ukutani. Akaizunguka, akiipapasa kama ndama. Mwenye duka alipoiwasha, moto uliruka, sote tukarudi nyuma.

"Nyumba yetu ni ya mbao," nikasema.

"Itatulia tu," akajibu mume wangu.

Mama yake mwenye duka, mzee aliyeketi mlangoni, akacheka. Akanishika mkono, akanipeleka uani. Huko kulikuwa na pipa refu la shaba lenye bomba katikati. Kuni zinawaka ndani ya bomba, maji yanayolizunguka yanapata moto, unafungua mfereji. Akanijazia karai.

"Tia miguu, binti yangu."

Nikatia. Tangu nije kwenye mashamba ya chai, sikuwa nimepata raha kama ile. Nilikaa hapo hadi mume wangu akaja kunitafuta.

"Hilo litajaza nyumba nzima," akasema.

"Litakaa nje."

"Na wewe utaoga nje?"

"Si wewe ni fundi? Nijengee bafu."

Mama mzee alikuwa na pipa lingine stoo, limebonyea kidogo. Tukalichukua. Mume wangu aliaga ile mashine nyeupe kwa macho, lakini hakununa. Jumapili nzima alishinda akishona magunia na kuchonga miti, mpaka akapata bafu la kukunjwa, lenye hata kiango cha taulo.

Asubuhi ya kwanza alisisitiza aingie yeye kwanza, eti kulijaribu. Akaimba nyimbo za kanisa, moja baada ya nyingine. Nilisimama kwenye umande na mtoto mgongoni, nikipiga magunia kwa mwiko, nikicheka mpaka machozi, naye mle ndani akiimalizia familia maji yote.