Toleo la Kumi na Shingo ya Kanzu

Wakati huo nilikuwa Malindi, nikilala chumba cha nyuma cha duka la mama mmoja mtarizi wa kanzu. Shule niliiacha mapema na mahali pamoja sikai, lakini kitu kikiwa na waya lazima nijue kinafanyaje kazi. Kompyuta ya duka ikajisasisha yenyewe, na baada ya hapo cherehani ya kutarizi ikakataa kupokea michoro. Ijumaa kulikuwa na harusi, na kanzu ya bwana harusi ingali shingo tupu.

Watengenezaji wa cherehani walituandikia kwamba toleo jipya la programu yao, la kuondoa hitilafu hiyo, laja, tuangalie tovuti. Wao hawatangazi, hutupia tu mafaili kwenye ukurasa mmoja, kila faili na namba ya toleo mwishoni mwa jina. Letu lilikuwa la 9. Nikaandika programu fupi ya kupitia majina hayo kila saa, ikikuta namba kubwa zaidi ipige kengele.

Jumatano kimya. Alhamisi asubuhi kimya.

"Hicho kikengele chako kimekufa?" mama akauliza.

"Hakijafa, mama. Toleo halijatoka."

"Umeangalia kwa macho yako?"

"Programu ndiyo inayoangalia, ili mimi nisiangalie."

"Ala! Basi kesho ikamvishe bwana harusi."

Nikafungua ukurasa, nimenuna. Toleo la 10 lilikuwa pale tangu juzi. Programu yangu ililiona ikalipita, kwa kuwa niliiacha ilinganishe namba kama kamusi inavyopanga maneno: hutazama alama ya kwanza, na 1 hutangulia 9. Kwa hesabu hiyo, 10 ni ndogo kuliko 9.

Sikuona hata aibu. Nilihisi mabega yakishuka tu. Nikalipakua, nikaliweka, tukajaribu kwenye kipande cha kitambaa. Sindano ikaanza kudunda.

"Alhamdulillahi," mama akasema, mkono kifuani. "Sasa toka hapo, usiguse kitu."

Baada ya laasiri baba wa bwana harusi alikuja. Akapitisha kidole gumba kwenye tarizi mpya ya shingo ya kanzu, taratibu, kuizunguka yote. "Mashallah," akasema, akaikunja mwenyewe, akaenda zake.

Mama akaketi juu ya robota la vitambaa, akavua viatu, akanituma viazi karai vya watu wawili.