Sanduku la Pipi ya Mwalimu

Wiki jana, kwa yadi yangu hapa Litein, tulikuwa tunapakia vyombo vya nesi mmoja anayehamia Kanada na watoto wake. Kabla sijaenda mbali, ujue unaongea na nani. Mimi shule niliachia darasa la sita, lakini leo nina malori matatu yenye jina langu mlangoni, na watu wa digrii zao wananipigia simu wakiniita mkubwa. Mtu akihama nchi kutoka pande hizi za Kericho na Bomet, uliza vitu vyake vilipita mikono ya nani. Siri yangu ni moja tu: siamini mtu. Kila sanduku nalifungua mwenyewe, natoa kila kitu, naandika kwa mkono wangu, narudisha, ndio nafunga. Hata lile ulilofunga wewe na selotepu mara tano ukaapa kwa mama yako, nitalifungua.

Sasa mama ya huyo nesi, mama mzee wa kutoka Kiptere, akafungua leso akatoa kitu akaniwekea mezani. Sotet. Kama wewe si mtu wa huku, hicho ni kibuyu cha maziwa, kile tunachogandishia mursik, maziwa yetu ya mgando. "Hii iende na msichana wangu," akasema. Nikachukua kalamu niandike, kalamu ikakataa. Nikawaambia naenda kuangalia upepo wa tairi. Nilisimama nyuma ya lori muda mrefu, na tairi lilikuwa sawa kabisa. Wacha nikuambie wewe kwa nini, maana hata bibi yangu wa nyumbani hajui.

Mimi nililelewa na nyanya yangu, kogo, karibu na Mogogosiek, miaka ile ya tisini. Nyumba yetu ilikuwa juu ya mteremko wa majani chai, na asubuhi upepo ukitoka upande wa kiwanda ulileta ile harufu ya majani yanayokaushwa, tamu hivi, kama nyasi iliyochomwa na sukari. Tulichuma mpaka saa sita, kikapu mgongoni, vidole vyeusi. Saa nane mvua ilikuwa lazima. Ikianza kugonga mabati tulikimbilia jikoni kwa kogo, tukanywa chai ya maziwa kwa vikombe vya bati, moshi ukituuma macho.

Kogo ndiye aliyenifundisha kushuku. Hakusoma hata siku moja, lakini pale majani yalipopimiwa alisimama mbele ya mizani akiangalia mshale, na karani akiwa na haraka alimwambia, "Rudisha. Huo mshale jana ulilala zaidi ya hapo." Kuku alikuwa anawajua kwa sura. Jirani akija kuomba chumvi, kogo alimpa kwa roho safi, halafu akaniuliza, "Weri, umeona alikuwa anaangalia wapi?" Weri ni kijana. Mimi nilikuwa macho yake, na nilikuwa hodari. Hakuna mtoto kijiji kile aliyeona vitu kama mimi.

Jirani yetu wa karibu alikuwa mwalimu wangu wa Kiswahili. Mwaka ule akapata kazi ya kufundisha Botswana. Habari ilizunguka haraka kuliko mvua. Watu walijua mtu kwenda Nairobi na begi, lakini huyu alikuwa anahama na nyumba nzima: viti, sahani, cherehani, hata kinu cha kusagia mahindi. Vitu vingeenda kwa lori mpaka Mombasa, kisha kwa meli mpaka chini kabisa kule Afrika Kusini, halafu lori tena.

"Na hiyo meli," kogo alimuuliza, "nani anaiangalia usiku?"

"Kuna kapteni, mama."

"Unamjua?"

Mwalimu akacheka. Kogo hakucheka.

Mwalimu aliponunua masanduku ndio maneno yakazidi. Yalikuwa yale masanduku ya mbao nyepesi ambayo kiwanda kilitumia kupakia majani chai, yenye mabati kwenye kona na karatasi ya kung'aa ndani kama fedha. Yaliyovunjika kidogo kiwanda kilikuwa kinayauza kwa bei ndogo. Watu wakaanza kuja kumuaga mwalimu kabla ya wakati. Walikaa, wakanywa chai, wakasema Mungu awatangulie, lakini macho yalikuwa ndani ya sanduku. Sote tulikuwa tumeazimana vitu miaka mingi. Mama mmoja alikuwa na chujio ambalo halikurudi tangu harusi fulani. Mzee mwingine alisema huku akitabasamu, "Mwalimu, ile nyundo isije ikasahau nyumbani kwao ikapanda meli." Mwalimu akaitafuta nyundo, akaipata, akairudisha na jasho usoni.

Kogo naye akanituma kila jioni. "Enda ukasaidie bibi ya mwalimu kufunga vikombe. Ukirudi uniambie nini imeingia wapi." Mimi nilifunga vikombe kwa gazeti, nikala mandazi yao, nikarudi na ripoti kamili. Lakini niliona kitu kimoja ambacho sikukipenda: siku mbili mfululizo bibi ya mwalimu alikuja kwetu mimi nikiwa shuleni. Jirani mwingine ndiye aliyeniambia. Nikamuuliza kogo alitaka nini, akasema, "Mambo ya wanawake." Kogo, ambaye aliniambia hata kuku gani ametaga!

Jumamosi fundi wa mbao akaja kupigilia misumari. Huyu fundi ndiye aliyeandika majina ya maduka yote ya soko letu, na alikuwa na majivuno ya brashi yake kushinda mimi na malori yangu. Alipiga sanduku la kwanza rangi nyeusi, herufi kubwa, mvua ikamkatiza, akaenda. Nikakaribia nikasoma: PIPI YA MWALIMU.

Sisi watoto tulisema switi. Lakini mwalimu mwenyewe ndiye aliyetufundisha kwamba kwa Kiswahili cha kitabu switi ni pipi, na mimi peke yangu darasa zima ndiye niliyelikumbuka neno hilo kwenye mtihani. Kwa hivyo nilikuwa na hakika. Sanduku zima! La kufika kifuani kwangu! Na huyo mtu siku zote alitugawia kipande cha chaki tukishinda kusoma. Moyo wangu ukawa mchungu kama chai iliyochemka mara tatu.

Jumapili wote walienda kanisani, maana kulikuwa na maombi ya kumsindikiza mwalimu. Mimi nikashika tumbo. Kogo aliniangalia sana, lakini aliondoka. Nikachukua panga, nikaingia kwenye baraza lao, nikainua bati la kona pole pole bila kuvunja kitu. Nakuambia, hata leo wafanyakazi wangu hawawezi kufungua sanduku vile nilivyofungua lile nikiwa na miaka tisa. Harufu ya majani chai ikanipiga. Nikaingiza mkono. Leso. Sahani. Sufuria. Bibilia. Hakuna switi hata moja. Halafu katikati, ndani ya sweta, nikashika kitu cha mviringo.

Ilikuwa sotet ya kogo. Si inayofanana nayo. Ilikuwa na ufa shingoni ulioshonwa na mama yake kogo kwa uzi wa mshipa, na kamba ya ngozi yenye simbi tatu, ya nne ilikuwa imeanguka. Ilikaa ukutani jikoni tangu nizaliwe, na haikutolewa ila kwa mgeni mkubwa au mtu akirudi kutoka mbali. Kumbe siku zile nilikuwa naangalia nyumba ya mwalimu mpaka nikasahau ukuta wetu. Pembeni yake kulikuwa na vijiti vya senetwet vimekauka vizuri, vimefungwa na kipande cha kitambaa cha kichwa cha kogo. Ule ni mti tunaochoma, makaa yake tukasugulia ndani ya kibuyu, ndio maziwa yapate ile rangi ya majivu na ladha yake.

Mtu mwenye akili angeuliza: mwizi anaiba kibuyu, sawa, lakini atafunga pia vijiti vya kukisafisha? Mimi nilijiuliza kweli, na nikajijibu: huyu ni mwizi mkubwa, anaiba mpaka kuni. Nikachukua sotet, nikaacha vijiti kwa dharau, nikarudisha bati na msumari kwenye tundu lake. Nikaificha juu kwenye dari ya ghala letu la mahindi, nyuma ya magunia matupu. Sikumwambia kogo. Nilitaka kuitoa kesho yake mbele ya watu wote, lori likiwepo, niwe shujaa.

Jumatatu lori likaja na karani wa mizigo kutoka Nairobi, mtu wa Kikuyu mwenye koti. Kijiji kizima kilikuwa pale. Fundi alikuwa amefika alfajiri akamaliza kuandika masanduku mengine, na karani akaanza kuyasoma ili alinganishe na karatasi yake. Akasimama, akakuna kichwa.

"Mzee, hii FITAPU ni kitu gani?"

"Si ya kusoma!" fundi akasema.

"Na hii PLANGETI?"

"Wewe hulali na plangeti?"

Watu wakaanza kucheka. Karani akafika kwa lile langu. "Pipi ya mwalimu! Mzee, unataka watu wa forodha wafikirie rori yangu imebeba switi?"

"Kwani umesoma nini? Pipi! Huyu hapa amesimama!" Fundi akamwonyesha bibi ya mwalimu kwa brashi. "Pipi yake! Fyompo fya jikoni ni fya nani, ni fya mwalimu? Na wewe rori ndio nini? Sema lori kwanza, ndio unifundishe mimi Kiswahili."

Baraza lote likaanguka kwa kicheko. Bibi ya mwalimu alijifuta machozi. Mimi peke yangu sikucheka. Maana lile lilikuwa sanduku la bibi ya mwalimu, jina lake liko juu, na kitu cha kogo kilikuwa ndani. Nikafikiri, sawa, basi mwizi amejulikana kwa jina. Nikafungua mdomo.

Kogo akanitangulia. Alitoka katikati ya watu, akamshika bibi ya mwalimu mikono yote miwili. "Msichana wangu," akasema, kwa sauti ya kila mtu kusikia, "nimeuliza kama huko kuna ng'ombe, mume wako akaniambia kuna ng'ombe kuliko watu. Ndio maana nimekupa sotet ya mama yangu. Ukikamua mara ya kwanza, maziwa ikae humo. Uniandikie kama imeshika."

Halafu akageukia watu akasema, "Nilimficha hata huyu mtoto, kwa sababu anaona kila kitu." Wakacheka tena, wakanipiga piga kichwani.

Kutoka pale mpaka ghalani ni hatua hamsini. Sanduku lilikuwa bado chini. Karani alikunywa chai yake, fundi akasahihisha P moja ikawa B kwa hasira, mzee mmoja akaomba kwa muda mrefu, akaombea mpaka meli na kapteni. Nilikuwa na muda wa kwenda na kurudi mara kumi. Lakini ningeanza kusema nini? Kwamba macho ya kogo yalikuwa yameiba? Nikabaki nimesimama mpaka sanduku likapandishwa, turubai likafungwa, na watu wakaimba. "Saisere!" kogo alipiga kelele barabarani, kwaheri, mpaka lori likapotea kwenye kona ya kiwanda.

Barua ilikuja baada ya miezi mingi. Kogo hakumpa mtu mwingine. "Soma wewe. Wengine wanaruka maneno." Tulikaa jikoni, mvua juu ya mabati, ukuta ukiwa na duara safi pale sotet ilipokuwa. Bibi ya mwalimu alisema wamefika, nyumba ina umeme, jua ni kali, ng'ombe ni wengi kweli. Mwisho aliandika: "Mama, asante kwa vijiti vya senetwet. Nimevihifadhi." Basi. Labda alidhani kibuyu kilipotea njiani, labda alidhani kogo alibadilisha mawazo akakitoa; vyovyote, akawa na heshima ya kutouliza.

Kogo alinitazama mdomo. "Na sotet?"

Nikaangalia karatasi. Nikasoma, kwa sauti ile ya darasani, kitu ambacho hakikuandikwa: "Na sotet imefika vizuri. Maziwa imeshika."

Mwanamke ambaye hakuamini mizani, hakuamini kapteni, hakuamini hata jirani wa chumvi, aliniamini mimi. Alicheka peke yake, akachukua barua, akaikunja, akaiweka kifuani. Miaka yote iliyobaki alipita chini ya ile sotet kila siku akienda kutoa mahindi. Alipokufa niliishusha. Iko ofisini kwangu, ndani ya kabati la chuma, na ufunguo ni wangu peke yangu.

Yale masanduku hayapo tena, majani sasa yanaenda kwa mifuko ya karatasi. Fundi alikufa, na maduka aliyoandika yamepakwa rangi za kampuni za simu. Senetwet kwetu imebaki mmoja mmoja kando ya mto, kwingine kote ni chai. Mwalimu na bibi yake sijui walizeekea wapi. Wakati mwingine nawaza vile vijiti vikingoja kibuyu chao kwenye nchi ya ng'ombe.

Nilirudi kutoka kwa tairi, nikaiweka sotet ya mama wa Kiptere katikati ya mablanketi, nikaandika kwenye orodha. Yule mama akasogea karibu. Hajui kusoma.

"Soma hapo."

"Sotet moja, mama."

"Soma tena."

Nikasoma tena. Akaniangalia mdomo, vile vile alivyoniangalia kogo. Halafu akamwita mjukuu wake, msichana mdogo mwenye sare ya shule, akamwambia, "Enda wewe uone kama huyu mzee amesoma yale yameandikwa."

Wafanyakazi wangu walishtuka, walidhani nitakasirika. Mkubwa mzima, kwa yadi yangu. Nilimpa mtoto karatasi, nikafungua sanduku tena, nikangoja.